Boksi la Kambi Muru Lililomwita Wanjala

Vijana wa karakana wameniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla yao. Wao leo wanapeleka intaneti kwa sola mpaka vijiji ambavyo hata mbuzi huvifikia kwa shida, na wakirudi wanalalamika kwamba mlingoti ulikuwa mrefu. Mambo ya vyeo sitayaandika. Nilipewa kimoja tu, nacho kilikuwa kubeba funguo za stoo. Nitaandika juu ya boksi moja, kwa sababu ndilo ninalolikumbuka nikiamka, na kwa sababu nyinyi mnapanda mahali nilipopanda mimi.

Nilianza katika miaka ya tisini, nikiwa nimemaliza kidato cha nne zamani na kuzunguka sana nikitengeneza redio za watu. Karakana yetu ilikuwa Kawangware 46, Nairobi, chumba cha mabati nyuma ya kisiagi cha mahindi. Unga uliingia kila mahali. Ukifungua redio ya mteja asubuhi, jioni unakuta imeota mvi. Kazi yenyewe ilikuwa kuwafikia watu ambao nyaya za simu hazikuwafikia: zahanati, shule za misheni, ranchi. Tuliwapa redio ya kuongea, na pale ambapo kilima kilikatiza mawimbi tulipandisha boksi juu yake. Boksi hilo tuliliita ripita. Linapokea sauti iliyochoka na kuirusha tena ikiwa na nguvu. Chakula chake kilikuwa jua: paneli ya sola juu, betri ya lori chini. Mwisho wa miaka hiyo tulianza kupitishia humo barua za kompyuta, na hapo ndipo kazi yenu ilipozaliwa. Lakini mwanzoni zilikuwa sauti tu.

Aliyenifundisha ni Mzee Mutisya, mtu wa Kitui, mfupi, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata kwenye joto. Siku ya kwanza hakunipa spana wala mita ya kupimia umeme. Alinikalisha mbele ya redio akaongeza sauti, na hapakuwa na mtu aliyekuwa akiongea.

"Sikiliza," akasema.

"Sisikii kitu, Mzee."

"Ndiyo hiyo. Sikiliza hiyo."

Nilikaa hapo mpaka kisiagi kikazimwa. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Nilidhani ananidhihaki, kumbe ananifundisha kwamba kimya si kimoja. Kuna kimya cha watu wasio na la kusema; kina uzito kidogo, kama chumba chenye mtu aliyelala. Kuna kimya cha ripita iliyokufa, ambacho hakina kitu ndani. Kuna kimya cha mtu aliyebonyeza kitufe cha maikrofoni na hasemi. Hicho utasikia nyumba yake ikipumua. Halafu kuna mlio mmoja mdogo, *tk*, kisha kimya, kisha *tk* tena. "Hiyo ni ripita yenye njaa," Mzee aliniambia. "Betri imeisha. Inataka kurusha sauti, inashindwa, inajaribu tena. Masikio bado yanafanya kazi, maana kusikia hakuli betri sana. Ni mdomo umefungwa. Ukisikia hiyo, usimalize chai."

Nilipanda vilima vingi pamoja naye, lakini mteja mgumu kuliko wote hakuwa mbali. Alikuwa mtaa wa Lindi, huko Kibera, chini kabisa karibu na mto. Sista Rasoa alikuwa nesi aliyestaafu, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru, na alikuwa na vyumba viwili vya kuzalishia akina mama. Simu hakuna, stima hakuna. Kanisa moja la Kawangware lilikuwa na gari la wagonjwa, na dereva wake alikunywa chai kwetu mchana kutwa. Mpango ukawa hivi: Sista akipata mgonjwa aliyemshinda, anaita kwa redio, sisi karakanani tunasikia, dereva anaondoka. Lakini Lindi iko bondeni na sauti yake haikuweza kuvuka. Ilibidi tuweke ripita Kambi Muru, papo hapo Kibera, juu ya paa la ploti moja ya vyumba vya kupanga iliyoinuka kidogo.

Boksi la kwanza liliibiwa. La pili pia, pamoja na nguzo. Betri ya lori ilikuwa kitu kikubwa Kibera; iliwasha taa na televisheni za watu wengi.

"Kufuli si dawa ya mwizi," Mzee Mutisya akasema tulipokuwa tunaandaa la tatu.

Akatoa mfukoni kibuyu kidogo kama ngumi. Akanituma nilete grisi ile nyeusi tuliyopaka vichwa vya betri. Mimi mwenyewe niliijaza humo kwa kijiti. Yeye akatia punje chache za mahindi zilizodondoka kisiagini, akaziba mdomo kwa kitambaa chekundu, akafunga kwa uzi. Tulicheka mpaka dereva akaja kuuliza tunacheka nini.

Kila mtu Nairobi anajua hadithi za watu wa Kitui na dawa zao za kukamatia wezi. Mzee alizichukia hadithi hizo, lakini alisema kama watu wamekutengenezea jina baya bila malipo, si vibaya kulitumia mara moja. Tulipofika Kambi Muru alivaa koti refu, akapanda ngazi polepole, akaning'iniza kibuyu kwenye nguzo chini ya paneli. Ploti nzima ilikuwa imetoka nje. Kabla ya kushuka aliinamia kibuyu, akanong'ona kitu. Kisha akafanya jambo la pili. Ndani ya boksi kulikuwa na spika ndogo ya fundi kujaribia, ambayo kawaida huzimwa. Aliiacha wazi. Kila sauti iliyopita hewani ingesikika pale juu ya paa.

Chini ya paa lile aliishi Wanjala, fundi wa viti, mtu wa Bungoma, na mkewe Nafula na watoto wao wawili. Wanjala alikuwa mcheshi. "Fundi," aliniambia, "sasa mmetuwekea mpangaji asiyelipa, na usiku anakoroma." Nafula hakucheka. Aliuliza kama kitu hicho kitawadhuru watoto. Nilitaka kumwambia ni grisi na mahindi. Mzee akanikanyaga mguu.

"Hakimdhuru asiyekigusa," Mzee akajibu.

Dawa ilifanya kazi. Tena ilifanya kazi kupita tulivyotaka. Kijana mmoja alipanda mchana watu wakiwa kazini, na mkono wake ulipofika kwenye kufuli, Sista Rasoa alikuwa anamjibu dereva. Boksi likamwambia sikioni, kwa sauti ya mama mzima: "Nakusikia. Nakusikia vizuri sana." Alianguka kutoka paani. Walisema tangu siku ile haongei. Wengine walisema anaongea, lakini kwa sauti ya mwanamke. Mimi nadhani alihama tu kwa aibu. Lakini baada ya hapo hakuna aliyepita chini ya boksi bila kugeuza uso, na kuku wakilala upande ule walifukuzwa.

Sasa nifike kwa upande wangu. Kila baada ya majuma machache nilipanda kufuta vumbi kwenye paneli na kukaza waya. Siku moja nikiwa juu niligundua kwamba napinda mwili ovyo ili bega langu lisikiguse kibuyu. Sikumbuki nilianza lini. Grisi ilikuwa imeyeyuka kwa jua na kutiririka kwenye nguzo, mstari mweusi mwembamba, na mstari huo ulikuwa umefika mbali kuliko grisi niliyoitia mimi. Fundo la uzi nalo niliona kama si lile la kwanza. Nilishuka na mita sikuitumia.

Nilimuuliza Mzee, "Ulitia nini mle ndani?"

"Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Sasa unaniuliza nini, Japheth?"

"Pale juu ulikinong'oneza nini?"

Akatabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Sijui," akasema. "Nilikuwa naigiza. Nilisema maneno ambayo nyanya yangu alikuwa akisema. Sijui maana yake."

Tangu hapo nilianza kuruka zamu. Niliandika ukutani kwamba Kambi Muru iko sawa, kwa kuwa redio ilikuwa inaongea. Niliyekijaza kibuyu kwa kijiti na kucheka, ndiye niliyekiogopa.

Ikaja Julai, ule ubaridi wa Nairobi wa mawingu siku nzima, jua likionekana kama sahani ya bati. Mzee alikuwa ameenda Kitui kwa msiba wa ndugu yake. Nilikuwa peke yangu na dereva. Asubuhi moja niliiwasha redio nikasikia *tk*. Kimya. *Tk*.

Nilijua ni nini. Nilijua vizuri kama ninavyojua jina langu. Nikajiambia ni mawingu tu, na mchana jua likitoka betri itapata nguvu. Nikajiambia Mzee anarudi Ijumaa. Nikamaliza chai.

Mchana jua likatoka kweli, kali, la kushangaza kwa mwezi ule. Nikangoja kimya kizuri. Badala yake ile *tk* ikabadilika. Zikaja nyingi, kisha pumziko, kisha nyingi tena, kisha pumziko refu zaidi. Huo haukuwa mpigo wa mashine. Ni mpigo wa mtu anayesema, anangoja kujibiwa, anasema tena. Huko bondeni kulikuwa na mtu anayeita, ripita inamsikia, na haiwezi kunipa neno hata moja.

Dereva alikuwa ameitwa kanisani. Niliacha ujumbe kwa mama wa kisiagi kwamba gari likirudi liende njia ya Kambi Muru, nikapanda baiskeli.

Nilipofika kwenye ploti ilikuwa mchana mweupe na milango yote imefungwa. Hapakuwa na mtoto nje, hapakuwa na aliyekuwa akifua. Randa ya Wanjala ilikuwa juu ya meza yake, na kiti kimesimama kwa miguu mitatu. Juu ya paa, kwenye nguzo, kulikuwa na kitu cheupe kimesimama kama mtu aliyejifunika, kikijaa upepo na kulegea, kikijaa na kulegea. Kutoka kwenye kile kitu ilikuwa inatoka pumzi.

Nasema pumzi kwa sababu ndivyo nilivyoisikia. Nilijilazimisha kusikiliza kama nilivyofundishwa. Ilikuwa kimya cha mtu aliyebonyeza maikrofoni. Nilisikia tone la maji likianguka kwenye karai. Nilisikia kitambaa cha mlango kikipigwa na upepo. Chumba cha Sista Rasoa, kitupu, kilikuwa kinaongea juu ya paa la Kambi Muru. Baadaye nilijua kwamba alikuwa ameitupa maikrofoni kitandani na sanduku la dawa likaangukia kitufe.

Nilipanda ngazi. Kile kitu cheupe kilikuwa shuka, shuka la kawaida la maua ya samawati, lililopeperushwa kutoka kwenye kamba na kuifunika paneli yote. Jua lilikuwa pale, inchi moja juu ya paneli, halipiti. Pembe ya shuka ilikuwa imenasa kwenye kibuyu. Nilisimama na mkono umenyooka, sikuweza. Nilishuka nikachukua ubao kwenye meza ya Wanjala, nikapanda tena, nikalivuta kwa huo ubao. Jua likaangukia paneli. Baada ya muda taa ndogo ya boksi ikawaka, ripita ikaanza kurusha kwa nguvu zake zote. Ilikuwa inaita Kawangware. Na huko Kawangware mtu wa kusikia alikuwa mimi.

Niliposhuka na lile shuka, mlango wa Wanjala ukafunguka kidogo.

"Fundi. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Imemaliza kusema?"

"Ilikuwa inasema nini?"

Akatoka. Macho yake hayakupanda juu. "Ilianza na kulia ya mwanamke. Ikalia, ikalia. Tukaingiza watoto ndani. Halafu ikaniita."

"Ikakuita vipi?"

"Jina. Wanjala, Wanjala, Wanjala wa viti. Mara nyingi, bana. Ati haraka."

"Na wewe ukafanya nini?"

Aliniangalia kama nimeuliza swali la kitoto. "Ukiitwa na mtu humwoni, mchana kama huu, unaitika? Mama yangu hakunilea hivyo. Nikaziba watoto masikio, nikaziba yangu."

Nilikuwa bado nimeshika shuka. Nikamuuliza, "Mama watoto yuko wapi?"

"Nafula? Ako chini kwa Sista. Uchungu ulimshika asubuhi..." Akaliona shuka. "Hiyo ni yake. Upepo ilichukua juzi. Nikamwambia nitoe, akasema wacha, si ya kugusa, tutanunua ingine."

Nilimwona akiyapanga maneno yale upya, moja baada ya jingine, yale aliyoyasikia kupitia viganja vyake: mwambieni Wanjala, wa viti, haraka. Akakimbia. Alipita kwenye meza yake na kiti cha miguu mitatu kikaanguka.

Sista Rasoa alikuwa ameita mpaka akachoka, kisha akamweka Nafula kwenye mkokoteni wa muuza maji na kupanda naye kwa njia ya upande wa pili. Gari la kanisa liliwakuta barabarani, maana dereva alifuata ujumbe wangu. Nafula alipona. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kike. Daktari alisema wangefika mapema kidogo mambo yangekuwa mengine. Alisema kama wanavyosema wote, akiosha mikono.

Mzee Mutisya aliporudi nilimweleza yote, pamoja na zile *tk* za asubuhi na chai niliyoimaliza. Hakunigombeza. Alivua kofia, na hiyo ndiyo mara pekee niliyoona kichwa chake. Tukaenda wote Kambi Muru kuondoa boksi, tukijua tunastahili kupigwa.

Nafula alikuwa amekaa mlangoni, amejifunga leso, uso mdogo. Wanjala alikuwa nyuma yake.

"Tumekuja kuliondoa, mama," Mzee akasema.

"Sista ataita na nini?"

Mzee akainua macho kuelekea paa.

"Boksi ikae," Nafula akasema. "Hiyo ingine ndiyo mtoe. Hapana, si wewe, Mzee. Huyu. Huyu hapa apande."

Nilipanda. Nilikishika kibuyu kwa mkono wangu wote, na nasema ukweli, kilikuwa na joto. Kitu chochote kinachokaa juani kina joto. Nikakishusha, nikampa. Watu wa ploti walirudi nyuma. Nafula alikata uzi kwa meno, akavuta kitambaa, akakiinamisha kwenye kiganja. Ikatoka grisi kidogo, nyeusi, na punje za mahindi zilizooza. Akakitikisa. Akachungulia ndani kwa jicho moja, muda mrefu.

"Ni hii tu?" akaniuliza.

"Ni hiyo tu."

"Hakuna ingine?"

"Hakuna, mama."

Alipangusa kiganja ukutani. Ile alama nilikuwa naiona kila nilipokwenda pale.

Mzee aliniambia nizime spika ya ndani. Wanjala ndiye aliyekataa. "Iwache wazi," akasema. "Ongeza sauti." Nikaongeza. Kuanzia siku hiyo Sista alipoita na sisi tukachelewa, kulikuwa na mtu Kambi Muru aliyekwisha kuanza kukimbia. Sikuruka tena zamu, ingawa hilo silisemi ili nisifiwe. Ni kama mtu anayefunga mlango wa zizi ng'ombe wakiwa wameshaondoka.

Boksi lilikaa pale mpaka simu za mkononi zilipoanza kushika hata Lindi. Nilitumwa kuliondoa. Kabla ya kukata waya nilimwomba dereva, aliyekuwa karakanani, aite mara ya mwisho kwa majaribio, kama tulivyofanya siku zote. Akaita: "Kambi Muru, Kambi Muru, mnanisikia?"

Chini yangu Wanjala alikuwa anapiga randa. Ndevu zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Alijua kwamba boksi lile halina maikrofoni na halijawahi kumsikia mtu aliyesimama chini yake. Nilimweleza hilo mara nyingi. Akaiweka randa chini, akainua uso.

"Niko!" akaitika.

Nikangoja kidogo, kisha nikakata waya.